Sukari ya Ijumaa ya Kwanza

Miguu yangu iko na vidole tisa. Ninaanza na hiyo ili usinihurumie kila ukurasa. Kidole cha kumi kilibaki Beni. Na hivi tisa ninatembea mpaka soko, mpaka kanisa, na ninapanda mulima wa kwetu bila mutu kunishika mukono.

Ninaitwa Mama Kahambu. Nilizaliwa upande wa Alimbongo, penye baridi inauma masikio, nikasoma mpaka mwaka wa tatu primaire, kisha baba akanitoa juu kulikuwa viazi vya kuvuna. Viazi hivyo ndivyo vilinileta Butembo. Nilianza na beseni moja ku kichwa, nikamalizia na meza yangu na magunia yangu. Nilizaa batoto sita, na bajukuu sasa ni kumi na tisa, na moja kati yao anasoma kuwa munganga wa ng'ombe. Ninasema hii ili ujue ni mutu gani anaongea na wewe: mutu mwenye alizoea kusifiwa. Ile mazoea ndiyo karibu iniuwe.

Mimi nilisema na mudomo, binti yangu Kavira akaandika, kisha akanisomea. Penye aliweka maneno ya kupendeza mapadri, nikamwambia afute.

Naisema kwa ajili yako wewe mwenye uliambiwa juzi, "Mama, uko na sukari," na sasa unaangalia bugali kama mutu mwenye alikusengenya. Mambo ya sukari inatoka wapi mu mwili, uliza benye kusoma. Mimi nitakuambia yenye ilinipata.

Ilianza na kiu. Ilikuwa kiangazi, vumbi nyekundu ilifunika mpaka majani ya migomba, kila mutu alikuwa na kiu, donc sikushituka. Nilikuwa ninamaliza bidon ya lita tano mbele ya saa sita ya muchana. Na kila nikigeuka, choo. Siku moja Kavira akaona sisimizi wamepiga mustari nyuma ya nyumba, wanaenda penye nilikuwa nimechuchumaa asubui.

"Mama," akasema, "siku hizi unakojoa asali?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Ile kicheko ninaijutia mpaka leo.

Kikwembe changu kilikuwa kinanizunguka mara moja na nusu. Kikaanza kunizunguka mara mbili. Ku soko banamuke benzangu balisema nimekuwa musichana. Nikakubali. Mutu akikuambia uko musichana, na uko na bajukuu kumi na tisa, utakataa? Mvua ya kwanza ikaanguka, na mimi nikaanguka siku hiyo hiyo, katikati ya magunia. Ku centre de santé, kituo cha afya, balinitoboa kidole, bakaniambia jina la ugonjwa, bakanipa vidonge.

Sasa sikiliza vile tunafanyaka kwetu. Bagonjwa ba sukari tuko na kikundi. Tunakutana Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kisha misa ya asubui, mu salle ya parokia. Kikundi kizima kilikuwa na kamashini kamoja ka kupima sukari. Vile vipande vya kupimia damu, benye kusoma banaviita bandelettes, vinatoka Uganda, vinapita Kasindi, na kama barabara iko muzuri vinafika vya kutosha: kila mutu kimoja kwa mwezi. Kimoja. Kama barabara imefungwa, tunakutana tu, tunaimba, tunarudi na vidole vizima.

Tunakaa ku mabenchi, nguo zimepigwa pasi, hakuna mwenye amekula. Infirmier wetu, muuguzi Jérémie, kijana mwembamba mwenye heshima, anapita na kamashini. Anatoboa, anangoja, anaandika mu fiche, karatasi ya kila mugonjwa, kisha anasoma namba kwa sauti mbele ya bote. Alifikiri hiyo itatupa moyo. Namba ikiwa muzuri, tunapiga makofi matatu, na mwenye namba anainuka anageuka kidogo kama bibi-arusi. Namba ikiwa mubaya, kimya.

Ijumaa yangu ya kwanza alisoma: "Mia tatu na sita."

Kimya. Kisha mutu akakohoa. Alikuwa Mama Sifa, mwenye anauza makayabo, samaki ya chumvi, mbele ya meza yangu ku soko tangu miaka ishirini. Mimi ninajua kikohozi cha kifua, na ninajua kikohozi cha Mama Sifa.

"Pole, Mama Kahambu," akasema, sauti tamu. "Labda ni vile viazi. Vyenye haviuzwi, unavimaliza mwenyewe."

Batu bakacheka. Nikafunga kikwembe changu vizuri, nikarudi nyumbani, na njiani nikaapa.

Mwezi wenye kufuata, tangu Jumanne jioni sikuweka kitu mu kinywa. Maji tu, na maji ya mubirizi, ile majani ya uchungu yenye iko kando ya nyumba.

"Mama, hapana kula?" Kavira akaniuliza.

"Niko mu maombi."

Na vraiment nilikuwa ninaomba. Nilikuwa ninaomba Mama Sifa apate mia ine.

Ijumaa, Jérémie akaangalia kamashini, akatabasamu. "Mia moja na tisa!" Makofi matatu. Nikainuka, nikageuka. Nilishika benchi nisianguke na njaa, mais nani aliona? Posho, ni kusema Jumamosi, kesho yake, nilikula beignets za moto sita, maandazi yetu, na chai ya vijiko vine vya sukari, na mu sikukuu ya ubatizo nikanywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, kama batu bote.

Nilifanya hivyo mwaka muzima na zaidi. Balinichagua présidente wa kikundi. Fiche yangu ilikuwa safi, Jérémie alikuwa anaionyesha bagonjwa bapya: "Mufanye kama Mama Présidente." Na mimi sikuiona kama uongo. Wewe utaenda ku misa na nguo ya shamba? Unafua, unapiga pasi, unapakaa viatu rangi. Nilikuwa ninafua damu yangu mbele ya kuipeleka kwa batu. Ndivyo mama alinifundisha kwa kila kitu: yenye inaonekana iwe safi.

Mutu moja tu alikuwa ananipita kwa namba, mama Denise, mupole, mwenye kuongea kidogo. Yeye alikuwa anapata hata chini ya mia. Alikufa wakati wa Kwaresima. Fiche yake haikukuwa na namba mubaya hata moja. Ku kilio batu balisema ni bachawi, sababu mugonjwa mwenye fiche kama ile hawezi kufa na sukari. Mimi ndiye niliongoza nyimbo. Wazo lilinipita mu kichwa, nikalifukuza kama kuku.

Miguu yangu ilikuwa imeanza kulala. Kwanza vidole, kisha nyayo, kama nimevaa soksi yenye haivuliki. Mwezi wa saba, wakati baridi ya Butembo inaingia mpaka mu mifupa, nilikuwa ninakaa asubui karibu na mbabula, jiko ya makaa nyekundu, miguu imenyooshwa, ninachambua maharagi. Kavira akatoka nje, akanusa.

"Mama, unachoma nyama?"

Nikaangalia chini. Nyama yenye ilikuwa inaungua ilikuwa mimi. Kaa moja lilikuwa limeanguka juu ya kidole cha mwisho cha muguu wa kushoto, na mimi nilikuwa ninaendelea na maharagi.

Kwa miezi miwili Jérémie alinifunga pansement, kitambaa cha dawa. Kidonda kikakataa. Kikawa cheusi pembeni, kikaanza kunuka, harufu tamu na mubaya pamoja. Bajukuu balikuwa banakuya kunisalimia banasimama ku mulango. Hiyo iliniuma kuliko moto, wenye sikusikia hata kidogo.

"Sukari yako ni ya musichana, Mama Présidente," Jérémie aliniambia Ijumaa. "Hiki ni kidonda cha moto tu. Kitapona pole pole."

Nikamwambia asante. Nilikuwa na siku mbili za njaa mu tumbo na makofi mu masikio. 

Ku nyumba batoto balianza kugombana juu yangu. Kambale, mutoto wangu mukubwa, alitaka kunipeleka mu chambre de prière, nyumba ya maombi, kwa mutu mwenye anaonaka bachawi.

"Fiche inasema sukari ni sawa," alikuwa anapiga meza. "Kama si sukari, ni nini? Ni batu!"

"Ni muguu wa mama unaoza, na wewe unatafuta batu," Kavira akamujibu. "Usinifundishe kusoma fiche."

"Nani alikufundisha kusoma? Si mimi nilikulipia masomo?"

Siku tatu hawakuongea. Balikuwa banatuma salamu kupitia mimi, na mimi nilikuwa nimelala katikati, na muguu wangu juu ya muto. Kisha ndugu moja akakuya kutuona, akasema, bila kupunguza sauti, kwamba muguu kama ule banakatiaka mu goti. Kambale akageuka akaangalia ukuta. Mimi nikaona meza yangu ku soko, na mutu mwengine nyuma yake. Mwenye kuuza viazi anainama, anainua gunia, anakimbilia camion ya mizigo. Bila muguu ningekuwa mukeka wa kuwekwa ku jua asubui na kuingizwa mu nyumba jioni.

Masika, yaya wangu, ni kusema dada yangu mukubwa, akapiga simu kutoka Beni. Anaishi kule mu commune ya Beu. Alisema, "Kahambu, lete muguu wako hapa mbele haujafika kwa Mungu peke yake." Butembo pia kuko hospitali. Mais Masika alikuwa na kitanda kwa ajili yangu, na mukono wa kunisindikiza kila siku. Tukauliza kama barabara inapitika, bakasema leo ndiyo, tukaenda.

Beni kuko joto. Tulifika muchana. Masika alikuwa amepika bugali ya muhogo, sombe ya majani ya muhogo na mafuta ya mawese, samaki. Nilikula kama mutu huru. Ijumaa ya kwanza ilikuwa mbali.

Nilikuwa ningali ninanawa mikono wakati jirani yake aliingia kunisalimia. Mama Zaina ni Muislamu, umri wetu, bwana yake iko na malori mawili yenye yanapitaka Kasindi. Masika aliniambia yeye pia yuko na sukari, miaka kumi na mbili. Niliangalia miguu yake. Vidole kumi, kucha na hina. Nilisikia wivu kama mutoto wa primaire.

Akakaa, akafungua sac yake ya mukono, na akiendelea kuongea juu ya kakao yenye ilinyeshewa, akatoa kamashini. Kake peke yake. Akajitoboa kidole bila kuangalia, kama mutu mwenye anaangalia saa.

"Mia moja sitini na mbili. Ni ule wali, nilijua utanisaliti." Akafuta kidole. "Haya, lete na wewe, dada yangu."

"Leo si Ijumaa," nikasema.

Akacheka mpaka mutandio ukaanguka. "Ijumaa yangu ama yako? Ijumaa ni ya sala, mama. Sukari haina siku. Lete kidole."

"Nimetoka kula."

"Ndiyo vizuri. Tuone bugali ya Masika inafanya nini mule ndani."

"Kahambu," yaya wangu akasema, "juu ya nini unaficha mikono kama mwizi wa mayai?"

Nikatoa kidole. Tukangoja. Zile sekunde tano zilikuwa ndefu kuliko barabara ya Butembo. Mama Zaina akasoma moyoni, akanigeuzia kamashini nisome mwenyewe.

Mia ine na kumi na nane.

"Hiyo kamashini ya Baislamu inasema uongo," nikasema.

Masika akafunika uso na mikono. Mama Zaina hakukasirika. "Mashini haina dini, mama yangu. Haijui hata kama wewe ni présidente. Lete kidole kingine." Na akachukua bandelette ya pili. Ya pili, kwa mutu mumoja, kwa muchana mumoja! Mu kikundi chetu hiyo ilikuwa mwezi muzima wa mutu. Ikasema mia ine ishirini na moja.

Hakuna mwenye alicheka, na hakuna mwenye alikohoa. Mama Zaina akanishika tu ule mukono, na tone la damu lingali hapo.

Kesho yake, hospitali. Ninajua salle d'attente, penye kungojea, sasa kama ninavyojua jikoni kwangu. Ile ya kule iko na mabenchi ya simenti yenye yanakufanya ukae upande, na feni yenye inazunguka kwa batu ba mustari wa mbele tu. Tulingoja tangu saa moja mpaka saa nane. Mama moja mwenye simujui alinipa nusu ya karatasi yake ya kujipepea, aliipasua katikati. Kama unasoma hii, mama, Mungu akuone.

Munganga alikuwa mwanamuke, kijana, na miwani. Akachukua fiche yangu, akaisoma yote.

"Fiche muzuri sana. Ya nani?"

"Yangu."

"Na huu muguu?"

"Na huu pia ni wangu."

"Basi kimoja kinadanganya," akasema, "na muguu haujui kuandika."

Akachukua damu, hapana ku kidole, ku mukono, kachupa kazima. Akaniambia kuko kipimo chenye kinaonyesha vile sukari imetembea miezi mitatu yote, siku za misa na siku za soko. Nikamuuliza kwa nini sikukifanya tangu mwanzo. Akasema kule kwa centre yetu hakiko, na kwenye kiko si kila mutu anaweza. Akasema hivyo akiangalia chini, kama ni yeye alifanya kosa.

Matokeo yalipotoka alinionyesha tu na kidole, juu kabisa ya mustari mwekundu. Hapo ndipo nikasema yote: Jumanne, mubirizi, maombi, makofi. Masika alikuwa nyuma yangu. Nilingoja kelele. Munganga akavua miwani.

"Mama, unafunga kula siku mbili na unameza dawa ya sukari? Sukari ingeshuka kupita kiasi, ulale usiamuke tena. Na kama ningeona namba yako ya kweli siku ile kaa lilianguka, tungebadilisha dawa, ungekuwa na vidole kumi. Kidole hiki kimekufa. Sasa tunapigania muguu."

Nilifikiri juu ya mama Denise. Nilimulia siku hiyo vizuri, sababu ku kilio chake nilikuwa ninaimba tu.

Balikata kidole kesho yake. Kisha tukangoja kuona kama weusi utasimama ama utapanda. Juma sita nilibaki Beni. Asubui pansement, nikiangalia mikono ya infirmière na si muguu. Muchana kulala chini ya chandarua. Jioni Masika alinisuka nywele, kama wakati tulikuwa batoto Alimbongo, na kunitukana kwa upole. "Kichwa chote hiki, na ndani yake makofi." Balinifundisha kujichoma dawa ku tumbo. Mara ya kwanza nililia kwa hasira. Mara ya kumi nilikuwa ninafanya huku ninauliza habari ya sombe.

Na kila siku, mbele ya kula na kisha kula, Mama Zaina alikuwa anakuya na kamashini. Alinifundisha kujua chakula changu. Bugali kidogo na maharagi mengi: namba inatulia. Ndizi ya kuiva: namba inaruka kama mbuzi. Kutembea mpaka ku kisima na kurudi, na magongo: inashuka. Hakuna mutu alikuwa amenionyesha hiyo, sababu hakuna mutu alikuwa amenipima mara mbili kwa siku moja.

Hapo, nikiwa nimelala, nilikasirika. Mama Zaina si mujanja kunipita. Yeye pia anapenda wali, na siku zingine anadanganya bwana yake juu ya soda. Kilichookoa miguu yake ni ile sac. Yeye anajua Jumanne yake na Posho yake. Mimi na benzangu ba ku benchi, tulipewa tone moja la damu kwa mwezi, na tulilivalisha nguo ya misa. Nilimwambia hivyo, bila kuzunguka. Akaangalia sac yake.

"Ni kweli," akasema. "Bwana anapita Kasindi, ananiletea. Sikufikiri kuuliza bengine banapimwa na nini."

Weusi ulisimama. Muguu ulibaki. Mvua za mwezi wa kumi zilikuwa zimenyesha vizuri wakati nilirudi Butembo, maharagi yalikuwa yamefika magoti.

Ijumaa ya kwanza, niliamuka, nikakula. Bugali kidogo, maharagi, mboga ya lenga-lenga, chai bila sukari. Kavira aliniangalia.

"Mama, leo si siku ya kipimo?"

"Ndiyo maana."

Niliingia mu salle na fimbo, na kiatu cha kushoto chenye Kambale alinikatia mbele. Balinipigia makofi mbele sijakaa. Jérémie akanitoboa, akangoja. Akainama ku sikio langu. "Mama Présidente, labda tutapima tena mwezi wenye kukuya. Si lazima nisome."

"Soma."

"Mama..."

"Soma kwa nguvu, mutoto wangu. Hata Mama Sifa asikie."

"Mia mbili na kumi na nane," akasema.

Kimya. Mama Sifa hakukohoa. Nikasimama, nikasema: "Hii ni namba ya mutu mwenye amekula. Nimekula saa moja. Zile zingine zote zenye mulipigia makofi zilikuwa za mutu mwenye njaa ya tangu Jumanne. Kidole changu kiko Beni sababu ya zile makofi." Nikavua kiatu, nikaonyesha.

Nilifikiri banaenda kunitoa ku uprésidente. Batu baliangalia muguu. Kisha Papa Musubao, muzee wa kushona viatu, mwenye hajapitisha mia moja na kumi tangu ninamujua, akainua mukono kama mu masomo.

"Mimi ni tangu Jumatano," akasema.

"Mimi Alhamisi tu," mutu akasema nyuma. "Mais ninakunywaka mubirizi bakuli mbili."

Mama moja akaanza kulia, akasema mama Denise ndiye alimufundisha. Na mwengine akasema, "Mimi nilifikiri ni mimi peke yangu," na hapo salle yote ikacheka, kicheko cha batu benye baliona kaburi karibu. Jérémie akakaa chini ku benchi katikati ya banamuke, kamashini mu mukono, akafuta macho.

"Bandelettes ni zile zile," akasema. "Siwezi kuzizalisha. Ni moja kwa mutu."

"Moja inatosha kuanza," nikamwambia, "kama hatujui mbele siku yenye itafika."

Ndivyo tunafanya sasa. Hakuna makofi tena, wala kusoma kwa sauti, mutu anasoma namba yake mwenyewe. Kamashini kanatembea mu quartier, nyumba kwa nyumba. Kanafika kwako siku yenye haujui, saa yenye haujui, kisha kula ama mbele ya kula, na Jérémie anabadilisha dawa kufuatana na damu ya kweli. Lori la bwana ya Mama Zaina lilileta kamashini ka pili, na bandelettes, si kila mwezi, mais zinakuya. Kile kipimo cha miezi mitatu, tumekiomba kwa bakubwa ba afya. Tulienda kumi na watatu, tukakaa mbele ya bureau asubui yote, na mimi nilivua kiatu tena. Balisema batajibu. Tutarudi. Kidole chenye sina kinafungua milango mingi kuliko vyenye niko navyo.

Wewe mwenye unaanza, hii ndiyo niko nayo ya kukupa. Kama uko na kipimo kimoja tu, kipe siku yako mubaya. Angalia miguu yako kila jioni, ama mupe mutu aiangalie. Na ukisikia aibu, njoo kwangu, tutaisikia pamoja, kisha tutapika maharagi.

Ninamaliza sababu Kavira amechoka mukono, na mimi niko na kazi. Juzi Posho, ilikuwa zamu yangu ya kubeba kamashini. Nilitembea ku soko na vidole vyangu tisa, nikazunguka meza ya makayabo upande wa nyuma. Mama Sifa alikuwa ameinama, beignet moja mu kinywa, ingine mu mukono, mafuta mpaka ku kidevu.

Akaniona. Akataka kumeza bila kutafuna.

"Mama Présidente! Leo si Ijumaa!"

"Ninajua," nikasema. "Maliza tu beignet yako. Lete kidole."